Kofi Lisilofika

Mazoezi yalianza saa kumi, katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro. Fundi cherehani, aliyecheza mume, alirusha kofi na kulizuia upana wa kiganja kabla ya shavu. Muuguzi, aliyecheza mke, alitakiwa kugeuza shingo na kuanguka.

"Samahani, dada," fundi alisema kila mara.

"Mpigaji gani anaomba radhi?" mwalimu wa maigizo alifoka. "Na wewe unaanguka kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Tena!"

Walirudia mara arobaini. Mwalimu alimpa muuguzi hadi Ijumaa. Akishindwa, nafasi angepewa mwingine. Muuguzi alikuwa ameingojea miaka sita, akifagia jukwaa.

Nyumbani alimkuta mama yake akipiga pasi. Shavu la mama lilikuwa na alama ya vidole vinne.

"Nani kakupiga?"

"Baba yako," mama alisema, akageuza shati. "Kofi hili ni la mwaka uliozaliwa."

Baba alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Picha yake ilining'inia juu ya redio, na mtaa mzima ulimkumbuka kwa upole wake.

Kesho yake walifanya zoezi la teke. Mama akavimba ubavu. Siku ya tatu lilikuwa la kusukumwa ukutani. Binti alimshona mama kisogoni nyuzi tano.

"Naacha mchezo, mama."

"Thubutu! Haya yaliuma zamani, sasa yanatoka tu. Tena huyo mwalimu wako anakufundisha upuuzi. Sogeza meza."

Mama alisimama katikati ya chumba. "Mikono usiitangulize chini. Mikono inaziba mdomo, mtoto asiamke. Magoti kwanza, halafu bega. Ukishafika chini, tulia, sikiliza pumzi zake. Zikipungua, amemaliza." Akaanguka kuonyesha, akainuka, akaanguka tena. Binti alimfuata hadi magoti yakachubuka.

Ijumaa mwalimu hakusema "tena". Fundi cherehani alilia, ikabidi apewe maji.

Siku ya onyesho mama aliketi mstari wa mbele na baba mdogo, ndugu wa marehemu. Mkono wa fundi ulipokata hewa mara ya pili, jino la mama lilitoka. Alilifunga kwenye leso. Mwishoni ukumbi mzima ulisimama kushangilia.

"Wanaume wengine wanyama," baba mdogo alisema, akifuta machozi. "Mshukuru Mungu, shemeji, kaka yangu alikuwa mpole." Alitazama damu kidevuni mwa mama, akampa kitambaa chake. "Jifute."

Jumapili alileta fremu mpya ya picha ya kaka yake, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na ufa. Alipanda kwenye kigoda, na mama akamshikia misumari.

"Imenyooka, shemeji?"

Mama alitazama kwa jicho lililoweza kufunguka. "Imenyooka."

Maonyesho yalibaki sita. Jikoni, binti alikuwa anachemsha sindano na nyuzi.