Vidole Viwili vya Akiba

Nilikwenda kuomba kazi nikiwa nimevaa suti. Shemeji yangu, mume wa dada, alisimama mlangoni akanitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Bwana Suti," alisema, "unakwenda kushona au unakwenda kuoa?"

"Suti nimeishona mwenyewe. Wakitaka kuona kazi yangu, waione."

"Haya. Ila huku watu hawaangalii nguo, wanaangalia saa. Utachelewa."

Yeye ndiye aliyenitafutia nafasi hiyo, kwa hiyo nilifunga vifungo vya koti nikatoka. Ulikuwa mwezi wa nne nalala kwenye kochi la sebule yake, na mtu wa kochi hana ubavu wa kujibizana na mwenye nyumba. Dada alinifuata hadi kwenye ngazi, akanitoa kipande cha uzi begani.

"Kaka, leo tafadhali usilete mambo yako," alininong'oneza.

Mambo yangu yapi? Nilikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili. Niliwashonea magauni ya harusi wasichana ambao zamani niliwashonea sare za chekechea. Mwanamume akiingia dukani kwangu nilikijua kiuno chake kabla hajaketi. Halafu naambiwa nisilete mambo yangu.

Lakini kilichonielemea siku ile hakikuwa kejeli za shemeji, ilikuwa barua. Mke wangu na binti yetu wa miaka saba walikuwa bado nyumbani, na faili lao la kunifuata lilikuwa limekamilika isipokuwa karatasi moja: barua ya mwajiri inayosema kwamba nina kazi. Ilitakiwa ifike uhamiaji kabla ya mwisho wa mwezi. Isipofika, faili linafungwa na tunaanza upya, na kuanza upya ni mwaka na zaidi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Kiwanda cha sare nilikokuwa nakwenda kilikuwa kikitoa barua siku ileile mtu anapopokewa.

Binti nilimwahidi. Siku moja kabla ya kuondoka nilimshonea gauni la buluu, nikamsimamisha juu ya meza ya kukatia nguo, nikamgeuzia pindo aone kitambaa nilichokikunja kwa ndani, vidole vinne vizima.

"Hiki ni cha kukua," nilimwambia. "Asikiguse mtu. Tukikutana huko, nitakushushia mwenyewe."

Mimi nilifundishwa hivyo, na niliowafundisha niliwafundisha hivyo: nguo huachiwa akiba. Mtoto hurefuka, mtu mzima hunenepa, kaka humwachia mdogo wake. Ukimshonea mtu suruali bila kumwachia vidole viwili ndani ya mshono, ni kama umemtabiria kwamba hatashiba maisha yake yote.

Kiwanda kilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye taa nyeupe na cherehani sitini, na hakuna aliyekuwa akipiga porojo. Msimamizi alikuwa mama mfupi aliyening'iniza rula ya chuma shingoni. Moyoni nilimwita Mama Rula. Lugha ya pale nilikuwa nayo ya kuombea maji tu, kwa hiyo alinieleza kwa mikono. Nilipewa vipande vya suruali ishirini, vimekwisha kukatwa, niviunganishe kabla ya saa sita. Akagonga alama fulani kwenye bamba la cherehani, karibu na sindano, akaipima kwa rula yake, akaigonga tena. Mwanamke wa mashine ya jirani, ambaye kwa bahati alikuwa akizungumza lugha yangu, akanyanyua kichwa.

"Nikutafsirie?"

"Hapana, dada yangu. Suruali naijua."

Nikakaa. Cherehani ile ilikuwa ya umeme, ukiigusa pedali inaruka. Dakika tano za kwanza ilinisumbua, kisha tukaelewana. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilijisikia mtu. Nilisahau kochi, nikasahau faili, nikawa nasikia sindano tu. Nilimaliza dakika arobaini kabla ya muda, nikazikunja zote ishirini, mshono juu ya mshono, nikasubiri kusifiwa.

Mama Rula alichukua ya kwanza, akapitisha kidole juu ya mshono, na nakuapia, alitabasamu. Kisha akaigeuza ndani. Tabasamu likaondoka. Akaipeleka kwenye umbo la mbao lililosimama kando ya dirisha, kiuno na mapaja tu, akalivalisha. Suruali ikapanda hadi katikati ya mapaja ikagoma. Akajaribu ya pili. Akajaribu ya kumi. Ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama, na mimi nimevaa suti.

Alizungumza kwa muda mrefu bila kupaza sauti. Jirani akatafsiri akiwa ameinamia kazi yake.

"Anasema vipande vilikatwa kwa mshono wa nusu kidole. Wewe umeingia ndani vidole viwili. Zote zimekuwa ndogo."

"Mwambie hiyo ni akiba."

"Akiba ya nini?"

"Mvaaji akinenepa."

"Kaka yangu, nisimwambie hivyo."

"Mwambie!"

Akamwambia. Mama Rula hakucheka. Nadhani angecheka nisingeumia sana.

"Anasema akinenepa atapewa nyingine."

Niliomba nizifumue. Nilisema saa moja tu, sitakula, sitainuka. Mama Rula akakinyoosha kitambaa mbele ya taa, akanionyesha kwamba ni kile cha kuzuia mvua, na sindano ikishapita matundu hayazibiki tena. Suruali ishirini zikatupwa kwenye pipa. Nilitoka nikipita katikati ya mistari ya cherehani, na hata mlango sikuuona vizuri.

Sina wa kumlaumu. Vipande niliviona kwa macho yangu kuwa vimekatwa tayari, na alama nilionyeshwa mara mbili. Mkono ulikwenda wenyewe ulikozoea kwenda, na kiburi kikanizuia kuuliza. Ningesema neno moja tu, "Nitafsirie," leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

"Yaani umeshindwa na kazi unayoijua?" shemeji alisema jioni ile. "Basi tukutafutie usiyoijua."

Siku kumi na moja ziliisha nikibisha milango. Faili likafungwa. Mke wangu aliponipigia simu nilimwambia kiwanda kimenichukua, nashona sare, ila barua imechelewa kutoka. Akasema hakuna neno, muhimu nimepata kazi ya mikono yangu. Nilitamani anitukane.

Kazi niliyopata ilikuwa ya matambara. Nguo kuukuu ambazo hakuna aliyezitaka zililetwa kwa marobota nyuma ya ghala moja, nasi watu sita tulizikata vipande vya kufutia mashine za gereji. Mbele ya kila mmoja wembe mrefu ulisimamishwa wima mezani, ukali ukitazama upande wa pili. Unang'oa vifungo na zipu, unaivuta nguo kwenye wembe, inapasuka. Siku ya kwanza bosi aliniuliza kama nimewahi kushika nguo. Nikasema kidogo. Masharti yake yalikuwa mawili: usichelewe, na usitoke na nguo hata moja, hata soksi. Anayekutwa nayo haji kesho.

Faili jipya lilitaka barua ya miezi sita ya kazi isiyokatika. Nikapiga moyo konde. Nilipasua makoti ambayo fundi wake alikesha kuyashona, nayajua kwa bitana tu. Mwanzoni nilikuwa nayageuza ndani kwanza, nitazame mkono wa fundi mwenzangu. Baadaye nikaacha kutazama.

Mwezi wa tano ulipokaribia kuisha, asubuhi moja kabla ya kengele, mke wangu alinitumia picha. Binti amesimama ukutani na gauni la buluu. Nilikuza picha hadi miguuni. Pindo lilikuwa limeshushwa lote, na chini ya mstari wa mkunjo wa zamani rangi ilikuwa imekolea zaidi. Hata hivyo gauni lilikuwa limepita magoti kwa kidogo tu. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti.

"Baba yake, usinikasirikie. Nimelishusha mwenyewe kwa mkono, alikuwa anachekwa shuleni. Alilia, anasema hilo ni la baba. Sasa hakuna tena cha kushusha. Si uko kiwandani? Mshonee jingine. Muachie pindo pana, anakua huyu, hata simwelewi."

Kengele ikalia. Bosi akamwaga robota mezani kwangu.

Nguo ya nne ilikuwa gauni la mtoto. La manjano, halijafifia, la mtoto wa miaka minane au tisa. Mkono wangu, uleule mpumbavu, uligeuza pindo kabla sijaukataza. Vidole vinne. Fundi fulani, sijui wapi, alimwachia mtoto wa mtu vidole vinne vya kukua, na hakuna aliyevishusha. Mishono ya pembeni ilikuwa na akiba ya viwili kila upande.

Lingemtosha. Lingemtosha mwaka huu na mwaka ujao. Nililishika kifuani, nikapima kwa jicho nafasi iliyokuwa kati ya shati na koti langu. Koti ni lile la suti, nililoliachia akiba ya kunenepa, na kwa jinsi nilivyokonda, magauni matatu yangeenea humo. Bosi alikuwa mlangoni, na kila jioni alitupapasa mmoja mmoja. Kulikuwa kumebaki siku thelathini na nne miezi sita itimie.

Nikang'oa vifungo. Nikalivuta kwenye wembe.

Bosi alipita nyuma yangu, akahesabu vipande, akanipiga begani kwa furaha. Gauni dogo kama lile hutoa matambara manne, alisema, na mimi nimetoa matano.

Wakati wa chakula nilimjibu mke wangu. Nilimwandikia kwamba gauni nimeshalikata, bado kushona tu.