Josephine Anapanda Kimya Kimya

Watu wa Rexdale, mtaa wetu wa huku ughaibuni, wanaomfahamu Josephine hawataiamini habari hii wakihadithiwa na mtu mwingine, kwa hiyo nitaisimulia mimi, tena taratibu. Josephine ni mwanamke wa kusema. Hasemi kwa ubaya wala kwa umbeya. Anasema kama wengine wanavyopumua. Wiki nzima yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno akiwatuliza watu wanaoogopa sindano, na Jumapili ndiye anayesoma matangazo kanisani. Matangazo ya dakika tano kwake huchukua robo saa, na hakuna anayelalamika.

Mumewe, Rogers, ni msimamizi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, ambako magari ya kunyanyulia mizigo hupiga ving'ora kutwa. Masikio yalimchoka, alisema, ndiyo maana kila Novemba alikimbilia porini. Kuwinda kulungu alifundishwa na rafiki yake Mzee Jalaludin, Mwismaili mzaliwa wa Tabora anayeishi Richmond Hill. Wawili hao walikuwa wakitoweka kila Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni wakinuka majani makavu, mara chache na nyama, mara nyingi mikono mitupu na hadithi ndefu.

Zamani Josephine hakujali, maana nyumba ilikuwa na watoto wawili na kelele zao. Lakini Nicolaus alioa akahamia Calgary, na Brightness akaenda chuo Halifax. Novemba iliyopita Josephine alikaa peke yake ghorofa ya tisa, wikiendi baada ya wikiendi, akiyasikiliza mabasi ya barabara ya Kipling yakipita huku chini. Alilia, tena si mara moja. Akajiapiza kwamba Novemba nyingine ya namna ile haitamkuta, lakini yeye hakumwambia mumewe kitu.

Mwaka huu Mzee Jalaludin akafanyiwa upasuaji wa goti, daktari akampiga marufuku kupanda hata kiti. Wao huvizia kulungu wakiwa juu ya mti, na mtu hapandi mti huo akiwa peke yake, hiyo ni kanuni ya usalama ambayo Rogers mwenyewe aliihubiri. Wakiwa mezani, Josephine akasema kwamba atakwenda yeye.

Rogers alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Mama Brightness, wewe? Kulungu watakusikia tukiwa bado highway."

Josephine hakucheka. Rogers akaona, akaanza kulainisha maneno. Akamweleza kwamba kulenga si kazi. Kazi ni vile vijiti vya kupandia. Ni ngazi fupifupi za aluminiamu, kila kimoja urefu wa mkono, chenye vikanyagio pande mbili. Unafunga cha kwanza kwenye shina la mti, unakikanyaga, unafunga cha pili juu yake, unaendelea hivyo mpaka cha nne, na huko juu unatundika kiti. Chuma kikigusa chuma mara moja tu, kulungu wote wa shamba zima wanajua kuna binadamu. Kwa hiyo wao walikuwa na sheria: atakayemkimbiza mnyama kwa kelele zake, anabaki nyumbani msimu wote uliosalia.

"Sheria hiyo ni ya nani?" akauliza Josephine.

"Ya wote. Hata mimi."

Josephine akasema sawa, amekubali, aonyeshwe tu hivyo vijiti. Alipompigia Brightness simu kumpa habari, binti aliuliza, "Mum, you? In a tree?" Josephine akamjibu kwa Kiswahili kwamba mti haujaandikwa jina la mtu.

Mazoezi yalifanyika nyuma ya nyumba ya Mzee Jalaludin, kwenye mti mkubwa wa mepo, ule ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya baridi. Mzee alijiteua kuwa kulungu. Alikaa kwenye kiti cha bustani, blanketi magotini, kikombe cha chai mkononi, mgongo ameupa mti. Kila aliposikia sauti aliinua mkono na kutangaza kwamba amekimbia. Siku ya kwanza alikimbia mara nyingi mpaka mkewe Zebunissa akafungua dirisha la jikoni kumwambia apumzike, kulungu mwenyewe ana goti jipya.

Tatizo halikuwa chuma peke yake. Kila chuma kilipolia, Josephine alisema "samahani", na hiyo samahani ilikuwa na sauti kuliko chuma. Rogers alitazama majani. Josephine alishuka, akaketi juu ya mizizi akiwa na aibu na hasira, maana alijua kinachopotea pale si mchezo. Kila "nimekimbia" ya yule mzee ilikuwa wikiendi moja zaidi ya kukaa peke yake.

Aliporudi nyumbani alivivisha vile vijiti soksi kuukuu, vyote vinne, na mikanda yenye vyuma akaibadilisha kwa kamba laini. Lakini dawa yenyewe aliipata kwenye mikono yake. Alikumbuka alivyokuwa akimweka Brightness mgongoni akiwa amelala: unainama, unambana kwa mwili wako kwanza, ndipo unapitisha nguo, ndipo unakaza, na hukazi kwa haraka hata kama basi linakuja. Vijiti navyo akaanza kuvifunga hivyo. Alikibana kijiti kwa kifua kwenye shina, akapitisha kamba nyuma, akakaza polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Na mama hamsemeshi mtoto aliyelala, kwa hiyo ulimi nao ukapata kazi ya kufanya, yaani kutulia.

Jumamosi iliyofuata Mzee Jalaludin alikaa kwenye kiti chake, akapewa chai, akasubiri. Alisubiri mpaka chai ikapoa.

"Shemeji," akasema mwishowe bila kugeuka, "utaanza saa ngapi?"

Alipogeuka hakumwona mtu, mpaka Rogers alipomwonyesha kwa kidole. Josephine alikuwa amesimama kwenye kijiti cha nne, mkanda wa usalama kiunoni, anamtazama kutoka juu ya utosi wake. Mzee alipiga makofi mpaka blanketi likaanguka, na Zebunissa akatoa kababu ambazo hakuna aliyejua kwamba zilikuwepo.

Basi Novemba ikaingia, wakaondoka. Josephine aliamua kwamba atanyamaza kuanzia mlangoni, asije akazoea kusema njiani ikamponza porini. Akajifunga skafu mpaka puani, akaingia garini. Walipokaribia mji wa Orangeville Rogers alimuuliza kama anataka kahawa, akaitikia kwa kichwa. Alimuuliza kama ana baridi, akatikisa kichwa. Baada ya hapo Rogers akazima redio na kuendesha akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

Hapa sina budi kueleza jambo. Katika ndoa yao yote, Josephine amenyamaza mara mbili tu. Mara ya kwanza Rogers alisahau kwenda kumpokea mama mkwe uwanja wa ndege, bibi wa watu akakaa juu ya mabegi yake mpaka jioni. Mara ya pili Rogers aliwakaribisha ndugu zake watatu kukaa nao mwezi mzima, akakumbuka kumwambia mkewe walipokuwa kwenye lifti. Mara zote mbili Josephine hakugomba. Alinyamaza siku kadhaa, na Rogers akala ugali wake kama mahabusu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Rogers ule mshindo alikuwa ameusikia. Sasa mtu huyo ndiye aliyekuwa akiendesha gari.

Josephine hakujua lolote. Alikuwa na furaha. Walitembea kwenye msitu wa mzee mmoja mkulima aliyewaruhusu kuwinda, majani mekundu yakiwa yamelala chini yamelowa, hayana kelele, na kila alichokiona alikiweka akiba ili akisimulie baadaye. Aliona ndege wa bluu anayegombana na mwenzake. Aliona kindi aliyekatiza mbele yao na njugu mdomoni, akasimama akawatazama kama mwenye nyumba.

Wakafika kwenye mti. Josephine akafunga kijiti cha kwanza, cha pili, akapanda, Rogers akamnyooshea cha tatu na cha nne. Hakuna kilicholia. Kindi aliendelea na shughuli zake, na hicho ndicho cheti ambacho Josephine alikitaka. Walitundika viti viwili vidogo, wakajifunga, Rogers akavuta kwa kamba upinde wake, ule wenye kifyatulio kama bunduki, wakakaa bega kwa bega.

Walikaa muda mrefu. Rogers alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho, akaona skafu na macho makali yanayotazama mbele. Nyuma ya skafu Josephine alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanauma, lakini skafu haionyeshi. Rogers akajikuna. Akatazama mbele, akamtazama tena.

Ndipo kulungu akatokea. Dume, pembe zimetanuka, anatembea pembezoni mwa shamba la mahindi yaliyovunwa, hatua moja, kisha anasimama kunusa. Josephine alimgusa mumewe goti na kuonyesha kwa kidevu. Rogers akainua upinde polepole. Kulungu akaja karibu zaidi, akasimama ubavu wazi, akainamisha kichwa kula. Josephine alizuia pumzi. Alijua kwamba mshale ule ukitoka, Novemba yake imepona, na Novemba zote zijazo.

Rogers akashusha upinde. Akamgeukia, uso umemsawijika, na kwa sauti ya mtu anayeongea sebuleni kwake akasema:

"Josephine, nimekosa nini?"

Mkia mweupe uliinuka, miruko mitatu, na mabua ya mahindi yakabaki peke yake.

Josephine alimtazama mumewe, akatazama pale alipokuwa kulungu, akamtazama mumewe tena. Kisha kicheko kikamtoka, kile cha tumboni ambacho kilikuwa kimekaa tangu Rexdale, na kunguru wakaruka kutoka miti ya mbali. Alicheka akiwa amekumbatia shina asije akaanguka. Rogers alikaa na upinde wake mapajani akingoja hukumu.

"Hujakosa kitu, baba Brightness," alisema alipoweza kupumua. "Si ulisema ninyamaze? Nimenyamaza."

Rogers alishusha pumzi ndefu. Akakiri kwamba tangu Orangeville alikuwa akihesabu makosa yake ya mwaka mzima, na alipata mengi, ila hakujua ni lipi limegunduliwa. Miaka yote alidhani anakuja huku kutafuta kimya, akasema, na leo amekipata, kimemtoa jasho kwenye baridi.

Josephine alijifuta machozi. Akamkumbusha, kwa upole mkubwa, kwamba kuna sheria ya wote, aliyemkimbiza mnyama anabaki nyumbani, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Vijiti yeye Josephine anaweza kuvifunga mwenyewe, Mzee Jalaludin atakaa chini amlindie, na Rogers atamwona akirudi Jumapili jioni. Alisema bila kucheka hata kidogo, kama anavyosoma matangazo.

"Serious?" akasema Rogers. "Nibaki peke yangu? Siku mbili nzima, kwenye ile nyumba, watoto hawapo, wewe hupo? Nitakuwa naongea na nani?"

Maneno yalipomaliza kutoka, yeye mwenyewe akayasikia. Josephine hakusema kitu, na safari hii hakuwa amenyamaza kwa ajili ya kulungu. Upepo ulipita kwenye matawi. Rogers alivua glovu moja, akaitazama, asijue aifanye nini.

"Mwaka jana," akauliza taratibu, "wewe ulikuwa unaongea na nani?"

Josephine alifikiri kama amwambie.

"Kuna mama mmoja alipiga simu amekosea namba," akasema. "Nilimzuia nusu saa."

Rogers hakucheka. Aliushika mkono wake kwa mkono ule usio na glovu, akamwomba msamaha kwa maneno machache, na macho yalimlowa, wala hakusingizia baridi. Akasema hajui kama huu ni msimu wao wa kupata nyama, lakini kila Jumamosi watatoka wawili, na wakirudi mikono mitupu watarudi wawili. Kisha akautoa mshale kwenye upinde, akauweka kando, akaishusha skafu ya mkewe kutoka puani mpaka kidevuni.

"Haya, mama Brightness," akasema. "Umeona nini leo?"

Josephine akaanza na wale ndege wa bluu na ugomvi wao, na Rogers akamsikiliza mpaka jua likafika usawa wa mabua ya mahindi, ikawa saa ya kushuka.