Mshale wa Boksi la Friji

Kati ya vyombo vyote vilivyowahi kuvuja tangu binadamu ajifunze kutengeneza chombo, hakuna kilichovuja kwa adabu kama Kobe. Hakumwaga. Alidondosha tone moja, akatulia kama anayetafakari, kisha akadondosha la pili.

Kobe alikuwa gari la kufundishia udereva, lenye umri wa kutosha kuoa, kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, na breki ya pili upande wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe aliitwa Mwalimu Breki, kwa sababu baada ya miaka kumi na minne ya kazi hiyo mguu wake ulikuwa umezoea kukanyaga hata akiwa sebuleni anatazama mpira. Kobe hakuwa na klachi. Kwa hiyo shule ya Mwalimu Breki ilikuwa kimbilio la wote waliokwisha kukosana na klachi za walimu wengine, nao hawakuwa wachache.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Breki alikuta chini ya Kobe kidimbwi chekundu, upana wa kisahani. Akachovya kidole, akanusa, akamwita fundi.

Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Daktari, maana hakushika spana kabla ya kuuliza gari limelalaje. Alijilaza chali, akaingia chini hadi kiunoni, akakaa huko kwa muda unaotosha kuswaki meno, kisha akatoka na uso wa mtu mwenye habari.

"Ingekuwa nyeusi, ningesema oili ya injini," alisema. "Ingekuwa kijani, maji ya rejeta. Ingekuwa ya njano, nyepesi, karibu na gurudumu, ni ya breki, na nisingekuruhusu uendeshe hata kufika getini. Lakini hii nyekundu, Mwalimu, katika gari hili inatoka sehemu mbili tu. Giaboksi au usukani."

"Ipi afadhali?"

"Usukani ni mpira na klipu. Tunamaliza kabla chai haijapoa."

"Na giaboksi?"

Daktari akavua kofia. Mwalimu Breki hakuwahi kumwona akivua kofia isipokuwa msibani.

"Sasa ni ipi?"

"Hilo tumbo limelowa kote. Ukiendesha, upepo unaipaka oili kila mahali, siwezi kuona inapoanzia. Tafuta boksi kubwa, litandike chini ya injini, gari lilale juu yake bila kuguswa. Kesho tutasoma. Doa likiwa kulia, ni usukani. Likiwa kushoto, ni giaboksi, na giaboksi la gari hili sasa linazidi thamani ya gari lenyewe."

Lazima ielezwe hapa kwa nini jasho lilimtoka Mwalimu Breki saa tatu ya asubuhi yenye baridi. Mdogo wa mkewe alikuwa na duka la magodoro, na kwa miezi sita alikuwa amemwekea shemeji yake kazi, akiisubiri siku Kobe atakapokufa. Kazi yenyewe ilikuwa kulala. Alitakiwa avae pajama, alale dirishani mwa duka kuanzia asubuhi hadi jioni, ili wapita njia waone jinsi usingizi ulivyo mtamu juu ya godoro lile.

"Ukishindwa kazi hii, shemeji," alisema kijana yule kwa mapenzi ya dhati, "basi tena."

Mkewe, ambaye ni mshonaji na mtu wa kujiandaa, alikwisha kuishona hiyo pajama. Ilikuwa ya buluu, yenye mawingu. Ilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani ikimsubiri mwenyewe kama deni la dhambi. Mwalimu Breki kila alipoiona aliwawazia wanafunzi wake wote wa zamani, mmoja mmoja, wakipita mbele ya lile dirisha na kupiga honi.

Boksi lilipatikana, la friji, lenye mshale mkubwa mweusi ubavuni. Alilitandika jioni hiyo kwa mikono yake mwenyewe, mshale ukielekea getini, kule ilikotazama pua ya Kobe. Akalala kama mtahiniwa.

Jumanne saa mbili asubuhi Daktari alichuchumaa, akachungulia, akavua kofia tena.

"Kushoto," alisema. "Pole, ndugu yangu."

Walikubaliana Alhamisi giaboksi lishushwe, labda ndani kungekuwa na cha kuokoa, ingawa Daktari alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemwambia mgonjwa apumzike tu. Mwalimu Breki akawapigia wanafunzi wake kuahirisha masomo. Wa mwisho alikuwa muuguzi mmoja, ambaye kwa wiki tatu alikuwa amelalamika kwamba usukani wa Kobe ni mzito na unaguna kila kona, naye Mwalimu alimjibu kwamba usukani hauna kosa, mikono yake ndiyo laini, akainue ndoo za maji.

"Nainua mbili mbili, Mwalimu," alisema muuguzi kwenye simu. "Asubuhi na jioni."

"Endelea," alisema Mwalimu Breki, bila moyo.

Alhamisi ikafika, kama zinavyofika siku za namna hiyo, mapema. Daktari alileta jeki mbili, mbao, na winchi ya kuazima, kofia ikiwa mfukoni. Kabla ya kufungua nati ya kwanza alivuta kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, ili ajue beseni la kukingia liwe la ukubwa gani. Akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena.

"Ajabu," alisema. "Limejaa."

"Limejaa nini?"

"Giaboksi. Limejaa mpaka kwenye alama. Gari linavuja siku tatu, halafu limejaa. Umeongeza?"

"Ningeongeza na nini?"

Mwalimu Breki aliinama kulivuta boksi la friji lipishe jeki, na hapo akasita. Mshale ulikuwa unatazama jikoni, nyuma ya gari. Alisimama akiuangalia. Yeye aliutandika ukitazama getini. Aliapa kimoyomoyo kwa pajama ile na mawingu yake yote.

"Daktari. Mtu akiligeuza boksi hili, kulia si kunakuwa kushoto?"

Daktari alilitazama boksi, akatazama gari, akalitazama boksi tena. Kofia ikarudi kichwani taratibu.

"Nani kaligusa?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa limeketi barazani likichambua mchele. Mama mkwe alikuwa amefika Jumapili kuwatembelea. Kila alfajiri alifagia uwanja wote, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya ufagio. Alikuwa mtunza ghala wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na kuna wanaume wazima hadi leo hushtuka wakisikia funguo zikigongana, kwa sababu yake. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa Mwalimu Breki hakuwahi kumuuliza swali hata moja uso kwa uso. Alimsalimu kwa kuinamisha macho, akampisha njia, na mengine yote yalipitia kwa mkewe. Sasa pia akamwita mkewe, akasimama hatua nne nyuma yake, akauangalia mguu wa meza.

"Muulize Mama," alisema, "kama katika kufagia kwake, ambako tunakushukuru sana, aliwahi labda kukutana na boksi."

"Mama," alisema mkewe, "anauliza kama uligusa boksi."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi. Mwambie nililitoa Jumanne alfajiri, nikafagia chini yake, nikalikung'uta majani, nikalirudisha."

"Anasema alilirudisha."

"Muulize, kwa heshima zote, kama alilirudisha vilevile."

Ungo ukatulia. Mama mkwe akainua kichwa.

"Vilevile? Mwambie mume wako nililikuta limewekwa kinyume. Mshale unatazama getini, kana kwamba mzigo unatoka. Ghalani kwangu mshale na lebo vinamtazama anayeingia kutoka jikoni, maana ndiye anayesoma. Nilirekebisha. Sikutaka kumwaibisha, ndiyo maana nilinyamaza."

Nyuma ya Kobe ilisikika sauti ya Daktari akicheka peke yake, kisha sauti ya boneti ikifunguliwa. Kilichofuata kilikuwa kifupi kama alivyoahidi siku ya kwanza. Kikopo cha mafuta ya usukani kilikuwa kimekauka hadi chini. Upande wa kulia, pale mpira unapoingia kwenye pampu, klipu ilikuwa imeliwa na kutu hadi imebaki jina. Alikata kipande cha mpira kilichokakamaa, akasukuma mpira mpya mahali pake, akakaza klipu mpya kwa bisibisi, akajaza mafuta mekundu. Kisha akamwamuru Mwalimu Breki awashe gari na kuzungusha usukani hadi mwisho wa kulia, hadi mwisho wa kushoto, mara kumi, ili hewa itoke. Ukaguna mara tatu. Mara ya nne ukanyamaza.

"Nilisoma cheti bila kumpima mgonjwa," alisema Daktari, akijifuta paji la uso. "Hilo ni langu. Kijiti kile kilikuwa pale tangu Jumatatu. Nipe kitambaa nisafishe hili tumbo, tuone kama bado linatokwa."

Mkewe Mwalimu aliingia ndani. Alirudi na suruali ya pajama, ya buluu, akaichana vipande viwili mbele yao, akampa fundi kimoja na mumewe kingine. Mwalimu Breki alijilaza chini ya gari akafuta mpaka mawingu yote yakawa meusi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kuvuta pumzi ikafika chini kabisa.

Kobe akalala juu ya boksi usiku huo, na Ijumaa asubuhi mama mkwe alikuwa wa kwanza kuinama.

"Mwambie mume wako," alianza, akamtafuta bintiye, hakumwona. Akamgeukia mkwewe mwenyewe, aliyesimama pale na mswaki mdomoni. "Kavu. Kulia kavu, kushoto kavu. Na mshale sikuugusa, ingawa unaniuma."

"Asante, Mama," alisema Mwalimu Breki, moja kwa moja, na mbingu haikuanguka.

Saa nne muuguzi aliingia Kobe, akafunga mkanda, akakata kona ya kwanza ya mtaa kwa mkono mmoja. Akaangalia mkono wake, akaangalia usukani, akaangalia mkono tena.

"Mwalimu," alisema, "zile ndoo si mchezo."

Mwalimu Breki alitazama mbele. Miguu yake yote miwili ilikuwa imetulia sakafuni.

"Si mchezo," alikubali. "Lakini kuanzia leo, ziache."