Alichosahau Manasseh

Hapana, mashine yenyewe, hiyo mnaita kompyuta, baba yako hakuitengeneza. Mashine ilitoka ng'ambo na meli, ikafika Nairobi, ikabidi wabomoe ukuta wa ofisi ndipo iingie. Kazi ya baba yako ilikuwa kuiambia ifanye nini. Nyanchera, usicheke. Hata mimi babu yako nilicheka siku aliponieleza. Nilimuuliza kama inasikia. Akasema haisikii, unaiandikia. Una karatasi ya vijumba vidogo vidogo, kila herufi na chumba chake, halafu wasichana wanatoboa kadi, halafu kadi zinaingia kwa mashine. Kama iko hivi, fanya vile. Kama haiko hivi, fanya vile vingine. Nikamwambia basi hiyo ni kama kutuma mtoto dukani.

"Tata," akasema, "mtoto akikuta duka imefungwa, anarudi nyumbani. Hii itasimama pale mlangoni mpaka mwaka uishe."

Lakini umeniuliza juu ya ule mwaka alikataa kutoka nyumba. Huo ni mwaka wa sabini na mbili. Ulikuwa na miaka minne, na nitakuambia, lakini lazima nianze na Manasseh.

Manasseh alikuwa jirani yetu hapa ng'ambo ya mto, rika langu, tulitahiriwa mwaka mmoja. Aliingia Nairobi wakati wa mkoloni, akawa karani wa stoo kwa kampuni ya vipuri vya malori na trekta. Alikuwa anavaa koti ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Baba yako alipomaliza shule huko Nyanchwa, mimi sikuwa na mtu mwingine Nairobi. Manasseh akamchukua. Akamlaza chini ya meza yake miezi saba, akagawana naye sufuria moja, mpaka akampatia kazi ya kupeleka barua hapo hapo kwa kampuni.

Halafu mashine ikaja. Wafanyakazi wakapewa mtihani wa mafumbo, watu sitini, wakapita watatu. Machogu, baba yako, alikuwa mmoja. Siku hiyo nilichinja, watu wakatoka mpaka Kebirigo kuja kula, na kila mtu akiniuliza kijana anafanya nini hasa, nasema anafundisha chuma. Nilikuwa na kiburi, mjukuu wangu. Sitakudanganya.

Sasa, kazi ya kwanza kubwa wakamwambia aandike stoo. Na huwezi kuandika kazi kama huijui. Kwa hivyo akaketi na Manasseh wiki tatu nzima, huyu anasema, yule anaandika. Manasseh alifurahi sana, kama mwalimu amepata mwanafunzi uzeeni. Hakuficha kitu. Mkanda fulani wa trekta ukibaki ishirini, usingoje ufike kumi, meli inachukua miezi mitatu. Kabla mvua ya masika, ongeza cheni na taa. Kupanda mahindi kukikaribia huko Kitale, ongeza meno ya jembe. Hayo yote hayakuwa kwa kitabu. Yalikuwa kwa kichwa cha mtu. Baba yako akayaweka kwa vijumba, moja moja, na mashine ikajaribiwa, ikakosea, akarekebisha, ikakosea kidogo, akarekebisha tena. Mwezi wa tano haikukosea.

Mwezi wa sita makarani kumi na mmoja wa stoo wakapewa barua za kwenda nyumbani. Ile ya Manasseh alipewa baba yako aipeleke, kwa sababu eti ni mtu wa kwao.

Manasseh akarudi na kitanda chake juu ya basi. Alipita hapa kwa lango bila kusalimu. Sikumlaumu.

Agosti baba yako akaja, siku ya Alhamisi, na likizo ya wiki moja. Akaingia kwa mama yako Esnah, akafunga dirisha, akalala akiangalia ukuta. Chakula kinaingia, chakula kinatoka. Wewe ulikimbia jikoni kwa nyanya yako ukilia ya kwamba kuna mgeni kwa nyumba yenu. Alisikia, unajua. Nyumba ya udongo haifichi kitu.

Na mimi ningefanya nini? Kwetu mzee hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni ensoni, ni heshima, na ukiivunja unavunja vitu vingi. Mtoto wangu yuko hatua nne kutoka mahali nimesimama, na siwezi kumfikia nimshike bega. Nikachukua kiti changu nikakaa chini ya ukingo wa paa, nikaongea na ukuta. Nikamwambia ng'ombe mweusi amezaa. Nikamwambia chai tumepanda mistari sita zaidi. Wakati mwingine anajibu "ndiyo." Wakati mwingine hakuna. Jumamosi kanisani wakaniuliza, nikasema ana malaria. Siku ya Sabato, mimi na uongo kama huo.

Jioni hiyo ndipo akafungua mdomo. Akaniambia kwa koti yake kuna barua. Wanataka aandike na ofisi ya pili, ile ya kupokea oda za wateja, watu kumi na wanane. Watampa cheo, na anatakiwa kujibu kabla ya wiki kwisha. Nikamwambia si lazima.

"Tata," akasema, "mimi niko mzuri kwa hii kazi. Hiyo ndiyo shida."

Usiniulize kama alirudi kazini. Unajua alirudi. Hivyo viatu umevaa vilitoka wapi?

Jumapili, kabla ya saa sita, mawingu yametanda upande wa vilima vya Manga, nikamwona Manasseh anapanda kutoka mtoni. Amevaa ile koti ya kaki. Ana fimbo. Nikachukua panga iliyokuwa imeegemea ghala nikaiweka nyuma, asiione. Ni mtu wangu, lakini niliiweka nyuma.

Akanisalimu vizuri. Akauliza Machogu yuko wapi. Nikamwonyesha ukuta. Na yeye pia hawezi kuingia, maana kwa rika langu yeye pia ni tata, ni baba kwake kama mimi. Basi tukasimama pale, wazee wawili na ukuta wa udongo.

"Machogu," akasema. "Kuna kitu nilisahau kukuambia."

Akasogea karibu na ukuta.

"Ile rafu ya chini, mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Mvua ya Aprili maji inaingia hapo. Mimi kila Machi nilikuwa natoa beringi zote napandisha juu. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nafanya tu, mikono yenyewe. Sasa nimelala nimefikiria. Zitashika kutu. Mtu atafunga hiyo beringi kwa lori na atakufa barabarani."

Nikasikia kitanda kinalia.

"Tata," baba yako akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu ameamka kaburini, "mashine haiwezi kujua hiyo. Sikuiachia nafasi."

"Basi toka nikuchoree uione, ukae nayo wewe kichwani," Manasseh akasema.

Tukangoja. Mimi nilihesabu kuku wanaopita, nikawamaliza, nikaanza tena. Halafu mlango ukafunguka. Alikuwa na ndevu, shati imekunjamana, na mwangaza ulimuumiza macho. Hakuomba msamaha, na Manasseh hakumngoja aombe. Alichora rafu kwa udongo na ile fimbo, mistari minane, akamwonyesha mlango uko wapi, maji inapita wapi. Baba yako akachuchumaa. Hakuwa na karatasi. Alikuwa anagusa kila mstari na kidole, mdomo ukisonga.

Hayo ndiyo yote walisema. Mimi nilitaka zaidi.

Nyanya yako akaleta ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akaweka hapo nje kwa kiti kifupi, akaleta na maji. Kwetu mtu akiwa na kinyongo na wewe, hatii mkono kwa sahani yako. Manasseh akasimama akiangalia ule ugali muda mrefu. Mvua ikaanza, ndogo, tukasogea chini ya paa, sahani katikati. Mama yako akaketi kizingitini, amenipa mgongo nusu kwa heshima, wewe mapajani mwake, umemkazia macho huyo mwanamume mwenye ndevu. Manasseh akakunja mikono ya koti. Akanawa polepole, kidole kimoja kimoja, halafu akamsukumia baba yako beseni bila kumwangalia.

Nyanya yako akatandika gunia na yeye akaketi. Baba yako alikuwa wa mwisho. Ugali ulikuwa umengoja mpaka ukafanya ngozi juu. Manasseh akaubonyeza na kidole gumba, na mvuke ukatoka.