Joto Lililotoka Kwenye Baridi

Fundi Kipchumba alifika kwetu Mount Druitt asubuhi ya Julai, katikati ya majira ya baridi ya huku ugenini, umande umeganda juu ya nyasi. Alitumwa na mradi wa serikali wa kuondoa hita za gesi kwenye nyumba inazopangisha. Alichohitaji ni kibali changu tu.

"Badala ya gesi mtachoma nini?" nikamuuliza.

"Hatuchomi kitu, Mzee. Mashine inachukua joto huko nje, inalileta ndani."

"Nje hapo kwenye barafu?"

Nilisoma fizikia shule ya usiku Bukavu, nikiwa tayari na watoto. Joto huelekea penye baridi, wala halirudi lenyewe. Nikamweleza taratibu.

Akacheka. "Mimi huzifunga tu hizi mashine, Mzee. Lakini zinafanya kazi."

Mke wangu Gloriose alikuwa amejikunja kwenye kochi, kifua kikipiga filimbi. Daktari alishatuambia kwamba hewa ya hita ile ya zamani inamdhuru. Hofu yangu ilikuwa moja: gesi ikikatwa na mashine ikishindwa, ataipitishaje baridi hii?

"Baba Ange," akasema, "fizikia ni yako, kifua ni changu. Leo tufuate kifua."

Nikakubali.

Jioni sebule ilikuwa na joto la kuvua sweta. Sikuweza kutulia. Nikatoka na ndala zangu, nikaweka kiganja mbele ya feni iliyofungwa ukutani nje. Upepo uliotoka pale ulikuwa baridi kuliko jioni yenyewe! Ndipo nikaelewa. Hewa ilikuwa imenyang'anywa joto lake. Umeme ulilisukuma joto lipande, kama pampu inavyopandisha maji mlimani. Fizikia yangu haikuwa imevunjwa. Ilikuwa imepanuka tu, nami nikasimama pale vinyweleo vimenisimama.

Serikali nilizozijua ujanani zilibisha hodi zikitaka kitu. Hii ilikuwa imekaa ofisini ikafikiria pumzi ya mpangaji, na hata moshi wa gesi unaochafua anga.

"Baba Ange!" Gloriose aliita dirishani. "Unasalimiana na ukuta? Funga mlango!"

Agosti, siku yenye upepo mkali, alisinzia kwenye kochi mchana. Nikazima redio, nikainama karibu naye kusikiliza. Pumzi iliingia, ikatoka. Filimbi haikuwepo.

Akafumbua jicho moja. "Unapima nini sasa, mwanafizikia?"

"Lala, Mama Ange," nikasema. "Lala tu."