Viti Vitatu vya Kibwagizo

Usiku wa jana niliota kifuniko cha birika kinagonga jikoni, kabla ya alfajiri. Kinagonga mara nane, kinapumzika, kinagonga mara nane tena. Nikaenda kutazama.

Birika halikuwapo. Palikuwa na mbuzi wa kukunia nazi, amevaa miwani, anakagua shairi la marehemu mume wangu, Faki. Mjukuu wangu Salha atalisoma Jumamosi shuleni kwao, mbele ya wazazi. Mwalimu wake amehesabu akaona kibwagizo, ule mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti, kimepungua. Ameagiza kifutwe. Salha alilia.

"Kila mstari mizani kumi na sita," alisema mbuzi. "Kaa, Bi Biubwa. Lakini leo usinikalie mimi."

Jiko likawa darasa. Mizani zinaingia mojamoja, kila silabi na kiti chake. Vina vinakaa mwisho wa safu, vimevaa sare kama pacha. Kimoja kimefunguka kifungo, mwenzake anakifunga taratibu.

Kikaingia kibwagizo cha ubeti wa kwanza: Upo, Biubwa? Kahawa isije poa. Katikati, viti vitatu vitupu.

"Kumi na tatu," alisema mbuzi. "Hilo guni, lina kasoro. Kifutwe."

"Subiri, baba. Tuone beti nyingine."

Ubeti wa pili, wa tatu, wa nne. Kibwagizo kinarudi, jasho linakitoka, na viti vitupu ni vilevile vitatu.

"Faki alikuwa msahaulifu," nikasema, "lakini hakuwa wa kusahau pahala pamoja mara nne."

"Basi kamwekea nani nafasi?"

Darasa likawa baraza ya nyumba yetu ya zamani. Faki amekaa na dele lake la kahawa. Anaita kama alivyoita kila asubuhi: "Upo, Biubwa?"

"Abee," nikaitika.

A, be, e. Zikatoka mdomoni mwangu, zikaamkia watu, zikakaa.

Mbuzi akavua miwani, akaifuta. "Kumi na sita. Utuwie radhi, bibi. Tulihesabu bila wewe."

Faki akaweka kikombe chake juu ya karatasi ya shairi, palepale katikati, ili silabi zangu tatu zisiondoke.

Nilipoamka, Salha alikuwa amekaa kitandani kwangu, karatasi mkononi.

"Bibi, nani kamwaga kahawa hapa?"

Nyumbani hatunywi kahawa tangu Faki afariki. Baina ya neno Biubwa na neno Kahawa palikuwa na duara la kikombe, bado bichi.

"Jumamosi niwekee kiti cha mbele," nikamwambia. "Ukifika hapo kwenye duara, nyamaza kidogo. Nitaitika mwenyewe."

"Na mwalimu je?"

"Mwambie ahesabu tena, mimi nikiwapo."

Alipokwenda kuoga, niligusa lile duara kwa kidole.

"Uje tena, Faki," nikasema. "Kahawa nitanunua leo."