Waliokuwa Ndani ya Mistari

Mama Chongo hakuwa na chongo. Macho yake yote mawili yalikuwa mazima, ila alikuwa na tabia ya kufinya la kushoto hata anapochagua nyanya sokoni, na watu, ambao hawana dogo, wakambandika jina. Naye hakulichukia. Miaka ishirini na sita ya kupiga picha ilikuwa imemfundisha kwamba jina la utani huleta wateja kuliko kibao cha mlangoni. Kilichokuja kumkasirisha ni siku watu walipoanza kuliamini.

Kamera yake ilikuwa ya aina ambayo vijana huicheka mpaka waishike. Ya dijitali, ndiyo, na nyuma ina skrini ya kutazamia picha, lakini mpigaji hachungulii kupitia lenzi. Anachungulia kwenye kidirisha kilicho kando yake, na humo ndani anaona watu na nyumba na kila kitu, na juu yao imeelea mistari myeupe iliyochora mstatili. Kilicho ndani ya mistari kitaingia pichani, kilicho nje na kijitafutie picha nyingine. Ukibadili lenzi, mistari nayo inabadilika: lenzi ya kuvuta, inasogea katikati, lenzi pana, inakimbilia pembeni kabisa mwa kidirisha. Na mistari yenyewe ni michoyo. Mtu akisimama hatua nne tano hivi, kamera humchukua yeye na kipande cha ukuta ambacho mistari haikukiahidi. Mama Chongo alizoea kuwaambia wateja wenye wasiwasi kwamba mistari ile ni kama mama mkwe, inajua zaidi ya inachosema.

Alipofika hamsini na mbili, macho yakaanza kumsumbua kwa vitu vya karibu, akanunua kioo cha kukuza, kidude cha duara kama kifuniko cha chupa, ambacho hukazwa kwa kuzungushwa kwenye kidirisha. Kilikuza kile kiraka cha katikati ambamo sura mbili za mtu mmoja hulazimika kulaliana mpaka ziwe moja ndipo picha itoke bila ukungu. Kwa picha ya uso mmoja kilikuwa baraka. Kwa picha ya kundi kilikuwa balaa, maana kikishakuza katikati kinazisukuma pembe nje ya jicho, na ile mistari ya lenzi pana haionekani tena. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu. Uso, kioo kinafungwa. Kundi, kioo kinafunguliwa na kurudi kwenye uzi shingoni.

Huo ndio utaratibu aliokwenda nao nyumbani kwa mwalimu mstaafu, aliyekuwa mgonjwa na mwenyewe anajua haponi. Aliyemwita ni mtoto mkubwa wa mzee, mkandarasi wa majengo, mtu wa sauti nene na simu mbili. Alitaka picha ya mzee peke yake, kisha picha ya mzee na familia. Familia ilikuwa mama mwenye nyumba, mke wa mzee, mkandarasi na wadogo zake wawili. Mshonaji ndiye ambaye hakutarajiwa. Huyu alikuwa binti wa mzee kwa mwanamke mwingine, msichana wa miaka thelathini aliyekuja na nguo aliyojishonea mwenyewe, na mzee ndiye aliyempigia simu asubuhi ile bila kumwambia mtu. Alipoingia, sebule nzima ilikumbuka ghafla kwamba ina kazi ya kutazama sakafu. Mzee akasogeza kiti chake mpaka mwisho wa safu, binti akasimama kando yake, Mama Chongo akapiga.

Mkandarasi hakutaka kusubiri. Akaomba kadi ya kumbukumbu palepale, kwamba ana rafiki mwenye duka la kuchapisha picha kubwa. Mama Chongo akahamishia picha kwenye kompyuta yake ndogo juu ya meza ya chakula, akampa kadi, wakaagana vizuri. Siku kumi na moja baadaye mzee akafariki.

Siku ya pili baada ya mazishi Mama Chongo alikwenda kutoa pole, akaikuta kazi yake ukutani, kubwa kama dirisha. Mzee amekaa ukingoni, mkewe na watoto watatu wamepangika upande mmoja, na hapo ndipo picha ilipoishia. Mshonaji hayumo. Yumo sebuleni, amekaa karibu na mlango wa jikoni na sinia la vikombe mapajani, lakini ukutani hayumo. Jirani mmoja, wa wale wasiojua kunyamaza, akauliza yule binti alikuwa wapi siku hiyo.

Mkandarasi akajibu kwa upole, na upole ule ndio uliokuja kumuuma Mama Chongo baadaye kuliko tusi.

“Alikuwepo. Tusimlaumu sana huyu mama, macho yamechoka. Alikuwa na kioo sijui cha nini pale kwenye kamera, kikamkata mdogo wetu.”

Watu kadhaa wakacheka chinichini, maana jina lilishakuwapo, lilikuwa likisubiri sababu tu. Mama Chongo alijaribu kukumbuka. Kioo alikifunga kwa picha ya mzee peke yake, hilo kila mtu aliliona. Alikifungua? Mkono ulikuwa umefanya kazi ile mara elfu, na kitu ambacho mkono umekifanya mara elfu kichwa hakikiandiki. Hakukumbuka. Aibu ikamshika, akainuka, akaenda hadi mlango wa jikoni akamwomba radhi mshonaji mbele za watu. Mshonaji akasema haidhuru mama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuizoea haidhuru.

Habari za kosa hazihitaji miguu. Kufika jioni mwalimu mkuu wa shule ya msingi alishapiga simu kusema picha za darasa la mwisho wamepata mtu mwingine. Kesho yake shangazi wa bibi harusi naye akapiga, akazunguka weee, akauliza afya, akauliza mvua, mwishowe akasema wameamua kutumia simu tu. Mama Chongo akaelewa kwamba unga wake unamwagwa hivihivi anaona. Mpishi akiungua mkono atapika na mkono mwingine. Mpiga picha anayesemwa haoni, huyo afunge duka.

Mchana ule akaichukua kamera, akatoka nayo barazani kwa nia moja tu, kuiaga. Akafunga lenzi pana, na kwa uchungu, kama mtu anayebonyeza jipu, akafunga na kile kioo cha kukuza, aone hasa ni kitu gani alichomfanyia msichana wa watu. Akachungulia kamba ya nguo ya jirani. Mistari haikuonekana. Aliona mashuka mawili na shati, basi. Akabonyeza, akageuza kamera, akatazama skrini.

Mashuka mawili yalikuwepo. Shati lilikuwepo. Na kushoto kulikuwa na soksi, na kulia taulo, na kando ya taulo beseni, na nyuma ya beseni nusu ya paka.

Akaitazama tena kamba ya nguo, akarudi kwenye skrini. Kioo kile kilimnyima yeye, hakikuinyima kamera. Kinakuza, kwa hiyo jicho linaona kidogo, lakini lenzi haijui habari za kioo, inachukua kilekile inachochukua siku zote. Mtu akisahau kukifungua hakati watu. Anaona hawaenei, anarudi nyuma hatua mbili, na anapata familia nzima na dari na zulia na waya wa televisheni. Hakuna namna, hata kwa kudra, kioo kile kingeweza kumkata mtu. Na yeye, aliyekula chumvi ya kazi hii miaka ishirini na sita, aliambiwa habari za kioo na mtu wa kukoroga zege, akaitikia, akaenda na kuomba radhi. Hasira ya kwanza ilikuwa kwake mwenyewe, tena ilikuwa kali.

Ya pili ilimpata alipofungua kompyuta. Alikuwa hajaifungua tangu siku ile. Kwanza kwa kutokuwa na haja, kisha kwa woga. Picha ilikuwemo, nzima. Mshonaji alikuwa ndani ya mistari toka kitambaa cha kichwa hadi viatu, na kando yake ukuta umebaki wa kutosha mtu mwingine mwembamba. Tena Mama Chongo akaona kitu ambacho kwenye ile picha kubwa ya ukutani macho yalikipita. Kule ukutani mkono wa kulia wa mzee unaishia kwenye ukingo, mkono wa shati unaingia kwenye mbao za fremu na hakuna aliyeuliza unakwenda wapi. Hapa ulionekana unakokwenda. Mzee alikuwa amemshika binti yake mkono, vidole vimefumana, kwa nguvu, kama watu wanaovuka barabara yenye magari mengi.

Akaichapisha kwenye mashine yake ndogo, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akarudi kwenye msiba kwa miguu, kwa sababu alijua akipanda gari atamgombeza dereva bure.

Mkandarasi alimpokea uani. Mama Chongo alimwonyesha picha na kumuuliza swali moja, aliikata yeye au duka. Mkandarasi akatazama nyuma kama kuna mtu, akashusha sauti. Akasema mambo ya familia ni mazito, akasema mama yake ana presha, akasema yeye hakuwa na nia mbaya na mpiga picha. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia palepale uani, penye sufuria za msiba.

“Wewe endelea kusema tu ni kioo, mama,” akamalizia. “Unapungukiwa nini? Watu wanasahau.”

“Napungukiwa macho,” akasema Mama Chongo. “Umeniondolea macho yangu mbele za watu, unaniuliza napungukiwa nini? Nipishe.”

Akampita. Sebuleni kulikuwa na watu kumi na wawili hivi, na mama mwenye nyumba amekaa kwenye kochi chini ya ile picha, miguu ameinyoosha juu ya kigoda kwa uvimbe. Mama Chongo alitoa salamu kwa adabu zote, kwa sababu hasira yake haikuwa ya watu wasio na kosa. Kisha akaitoa picha kwenye bahasha, akaiinua, akaeleza kwa maneno machache kwamba hivi ndivyo kamera ilivyoona na hivi ndivyo yeye alivyoona, na kwamba aliyekata alikata kwa kompyuta baada ya hapo, kwa macho yake mwenyewe makavu na kamili.

“Baba yenu alikaa mbele yangu na mikono miwili,” akasema. “Mmemkata mmoja, mmemtundika, halafu mnasema ni mimi. Mimi sikuja kuamua nani ni mtoto wa nani. Nataka hapa hapa, mbele ya hawa hawa waliocheka, isemwe kwamba nilimwona.”

Mkandarasi alikuwa mlangoni, na sauti yake nene ilikuwa imebaki uani. Mshonaji alitoka jikoni akipangusa mikono, Mama Chongo akampa ile picha. Hakulia. Aliitazama kama anayekagua mshono, akaweka kidole penye vidole vya mzee.

“Mimi nilijua,” akasema. “Nilikuwepo. Hawa ndio walikuwa hawajui.”

Hapo ndipo mama mwenye nyumba aliponyoosha mkono. Mshonaji akasita, kisha akampelekea. Yule mama alitafuta miwani yake kwenye mikunjo ya kitenge, akaivaa, akaisogeza picha karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Alikaa nayo muda mrefu, mpaka mwanawe akaanza kusema mama pumzika, naye akamnyamazisha kwa kiganja.

“Macho ya huyu mama hayana kasoro,” akasema, na alisema kwa sauti, watu wote wasikie. “Mimi ndiye niliyemwambia mwanangu akate. Akaniambia hii haina haja ya kukatwa, mama, ni binti tu amesimama. Nikamwambia kata.”

Akavua miwani. Sauti yake haikuwa na majonzi, ilikuwa na ghadhabu tupu, ya zamani kuliko watu wengi waliokuwemo mle.

“Miaka arobaini na minne nimempikia. Nimemzalia, nimemuuguza, kinyesi chake nimekitoa kwa mikono hii. Hebu tazameni alivyomshika. Mimi hakunishika hivyo hata siku moja.”

Akamrudishia mshonaji picha yake, akageukia ukuta.

Mama Chongo akaikunja bahasha tupu. Alichokitaka amekipata, kimesemwa mbele za watu, na shule itasikia, na shangazi wa bibi harusi atasikia. Lakini hasira haikumtoka. Ilikuwa imemwacha mkandarasi, imempita mjane, na sasa ilikuwa juu ya mzee, aliyejua kushika mkono wa mtu na akaufanya siri mpaka siku ya mwisho, na huyo ndiye asiyeweza kuulizwa tena.